Jina Kwenye Pembe ya Ramani

Kulikuwa na wakati ambapo ramani hazikuwa na wenyewe. Zilitoka dukani, zikaingia melini, na hakuna aliyeuliza zilichorwa na mkono wa nani.

Wakati huo, katika mji wa Amsterdam, nchi ya Waholanzi, aliishi Lubbert, mchoraji na mpiga chapa wa ramani za bahari. Alichonga kwenye bamba la shaba, na kila kitu alikichonga kinyume, kushoto kuwa kulia, ili karatasi iliyogandamizwa juu yake ikibanduliwa kila kitu kikae mahali pake. Kwa miaka ishirini mkono wake haukusahau. Siku moja ukasahau. Fungu moja dogo la mchanga alilichonga vilevile lilivyo, na kwenye karatasi likahamia upande wa pili wa mlango wa bandari.

Rubani Harmen alilikwepa fungu la karatasini, akalipanda la kweli. Watu walipona, meli ikavunjika. Wazee wa bandari wakamwita, tayari kumkataza usukani maisha yake yote.

"Nilifuata ramani," alisema Harmen.

"Ya nani?"

Hakujua.

"Basi ramani haina jina. Wewe unalo."

Wakampa siku tatu amlete mwenye ramani. Mkewe, Alida, akaichukua karatasi ile iliyokauka na chumvi, akapita nayo duka hadi duka. Lubbert alilitambua kosa lake kabla karatasi haijakunjuliwa yote.

"Ni yako, bwana?"

"Bandari hiyo tunaichora wengi, mama."

"Hata wenzako wamesema hivyohivyo. Kumbe midomo yenu nayo imepigwa chapa kwenye bamba moja!"

Akatoka. Lubbert akabaki amesimama, wino ukimkaukia vidoleni. Kisha akashika patasi. Kwenye pembe ya bamba lile lile lenye kosa akachonga jina lake, kinyume, herufi kwa herufi, akapiga chapa karatasi moja, akaipeleka kwa wazee wino ukiwa bado mbichi.

Harmen akarudishiwa usukani. Duka la Lubbert likakaa kimya majira mazima. Halafu rubani mmoja mgeni akachungulia mlangoni.

"Wewe ndiye Lubbert? Kuna mwamba kule kwetu hujauweka kwenye ramani."

Akafuata mwingine na habari ya kina cha mto, na mwingine tena. Sasa walijua pa kupeleka habari.

Kuanzia hapo wachoraji hutia majina yao kwenye ramani. Watu hudhani wanajisifu. Lakini lisome vizuri jina lile dogo pembeni: ni mtu anayekuambia, ukikwama, nitafute.