Jiwe la Kwamgozi Lisilo na Jina

Kuna fumbo nimelizungusha kichwani miaka mingi. Kila nikidhani nimelifumbua, hunigeuzia upande mwingine. Leo nawapa ninyi.

Katika kilima cha Kwamgozi, wanakochimba mawe meusi ya manganizi, walikuwapo watu watatu. Mboza, mchambuzi wa mawe, alikuwa na jicho. Semboja, mhunzi aliyenoa patasi za wachimbaji, alikuwa na pua. Nakiete alikuwa na mikono: angeweza kutoa yai kwenye kiota cha miiba bila kulitia ufa.

Desturi ya pale ni kwamba jiwe geni huitwa jina la aliyelitoa gizani. Mtu mmoja tu.

Siku moja, katika handaki jipya, Mboza aliona kitu cheusi kinang'aa ndani ya ufa uliojaa chokaa. Wenzake wakasema ni manganizi ileile. Yeye akaokota kipande kilichodondoka, akakisugua kwenye kigae cheupe. Manganizi ya pale huacha mstari mweusi. Hiki kiliacha wa kahawia.

"Huyu ni mgeni," akasema. "Ameazima nguo za mwenyeji."

Semboja akakitia kipande kile motoni. Ikapanda harufu ya kitunguu saumu, wala hapakuwa na chungu jikoni. Akafunika pua, akarudi nyuma.

"Hiyo ni aseniki. Sumu. Na maji ya handaki lile yanashukia wapi?"

Kila mtu alijua. Yalishukia kwenye chemchemi walikokunywa watoto wao.

Bwana Chambo, msimamizi, alikuwa amewaahidi wanunuzi mawe mengi kutoka handaki lile. "Harufu si ushahidi, mzee," akasema. "Kesho ufa wote unaingia kwenye kinu." Na jiwe likishasagwa, wataalamu wa mjini wangeonyeshwa nini?

Jiwe lenyewe lilikuwa dhaifu; patasi ikiligusa, linakuwa unga. Usiku ule Nakiete akaiweka nyundo chini, akakamua ndimu, akaidondoshea ile chokaa. Ikatoa povu, ikalegea, naye akawa anaifuta kwa unyoya wa kuku, tone baada ya tone. Kinu kilipowashwa, jiwe zima lilikuwa limelala kikapuni mwake, juu ya pamba.

Chambo akauona ufa mtupu. "Nani kalichukua? Ajitokeze afukuzwe yeye, wengine wapone."

"Ni mimi," akasema Mboza.

"Huyo anajisifu tu. Ni mimi," akasema Semboja.

"Baba Semboja, kwa vidole hivyo vya magogo?" Nakiete akamcheka. "Bosi, ni mimi."

"Mwizi ni mmoja," akasema Chambo.

"Basi chagua," akasema Mboza. "Ukimfukuza mmoja, tunatoka watatu, na jiwe tunatoka nalo."

Wakatoka nalo, mpaka kwa wataalamu mjini. Wakalipima: manganizi na aseniki zilizoshikana, jiwe la nadra sana, lililozaliwa pale maji ya moto yalipopenya mwamba wa manganizi, mahali hewa haikufika. Wakaagiza handaki lifungwe na maji yageuzwe. Kisha wakauliza, "Kwenu mnaliitaje?"

Walioigombea lawama pamoja wakashindwa kuigawana heshima.

"Bila jicho langu lingepita kama mawe mengine," akasema Mboza.

"Na bila moto wangu ungeliweka dirishani, pambo," akasema Semboja.

"Nanyi wawili mngewapelekea unga," akasema Nakiete.

Mtu akashauri lipasuliwe vipande vitatu. "Haya, ligonge," Nakiete akamwambia, "uone mtakachogawana."

Hata Chambo alisema, "Nisingewabana, lingetoka?" Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, lakini sauti ile haijanitoka masikioni.

Wazee wenye kilima wakaamua: jina lisubiri, ukuta wa kuziba handaki usisubiri. Ukuta wakaujenga walewale watatu, bila kungoja kusukumwa, na aliyewakorogea udongo ni Chambo, maana wanawe nao walikunywa maji ya chemchemi ileile. Katikati ya ukuta Mboza aliacha sehemu laini ya kuandikia jina. Mpaka leo iko tupu.

Je, wewe uliyenisikiliza, ukikabidhiwa msumari mbele ya ukuta ule, utachora jina la nani?