Gari Jepesi la Mzee Mafuru

Nasieku alitafuta gari lake la kwanza la kukimbizia kwenye uwanja wa mashindano, na pale Arusha aliyekuwa nalo ni Mzee Mafuru tu: la mtumba, jekundu, la viti viwili. Mzee alipoona binti anavyolichekea, akapandisha bei papo hapo.

"Mbona juu hivyo, mzee wangu?"

"Mwanangu, hili jepesi kama unyoya! Wepesi ndio mbio zenyewe."

"Nipunguzie basi."

Mzee akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Litoe nje ya geti langu bila tairi kuzunguka hata kidogo, nikupe kwa nusu bei."

"Unaahidi mbele ya majirani hawa wanaotusikiliza?"

"Hata mbele ya mke wangu!"

"Basi ndugu zangu waje waliombee kwanza. Kwetu gari halinunuliwi bila maombi."

"Waje ukoo mzima!"

Wakaja na matarumbeta, kaka na binamu kumi na wawili, wote makuli wa soko la mahindi. Waliinamisha vichwa wakasema amina, kisha wakainama zaidi, wakashika gari kwa chini. Likapaa, tairi zikining'inia, likatoka getini kwa vigelegele.

"Nasieku!" Mzee alipiga kelele.

Nasieku akachungulia dirishani, mkanda kaufunga. "Hukunidanganya, mzee wangu. Jepesi hata nikiwa ndani!"