Mnana na Shada la Kiboko

—Mpo?

—Tupo!

—Masikio mmekuja nayo?

—Mawili mawili!

—Basi yafungueni.

Siku hiyo bwawani walikuwepo: Kiboko, Swala na mwanawe mchanga, Kobe, Mama Pimbi na watoto wake sita, Konokono, aliyeanza safari juzi na bado yuko njiani, na Mnana, kile kidege cha manjano kinachosuka kiota. Hao tu. Asiyetajwa hakuwepo.

Katika nchi hiyo kila mnyama alivaa kamba shingoni. Kamba ilikuwa na mafundo, na mafundo ndiyo yaliyomfanya awe alivyo: fundo la sikio, fundo la mkia, fundo la mwayo. Mnyama akitaka kuwa wawili, alisuka kamba ya pili kwa kuifuata ya kwanza, fundo kwa fundo. Akimaliza, paa! Wako wawili.

Lakini kusuka kuna taabu yake. Lazima ushike ncha. Pale uliposhika hupaoni, na usipopaona huwezi kusuka hapo. Kwa hiyo kamba mpya ilitoka fupi, imepungua upana wa kidole. Na ya zamani ilikatwa ilingane nayo, maana ndugu hawavai kamba za kuzidiana. Ndiyo sababu mwishoni mwa kila kamba paliwekwa shada, nyuzi zisizo na fundo la sikio wala la mkia, zipotee zenyewe badala ya kupotea sikio. Shada likiisha, mnyama anaacha kusuka, anapumzika.

Walioongezewa shada ni watoto wachanga tu, na fundi wao alikuwa Mnana. Mguuni alifunga uzi wa kipimo wenye vifundo sita. Aliutazama, akasuka, akaimba: "Ta-ta-a, ga-ga-ga! Ta-ta-a, ga-ga-ga!" Shada likarefuka. Akimaliza ya wachanga, alirudi zake kulala.

Sasa Kiboko, kuwa mmoja hakukumtosha. Akawa wawili. Wawili wakawa wanne. Wakala majani, nyamu nyamu nyamu. Wakanywa maji, gubu gubu gubu. Bwawa likashuka. Swala akakaukiwa maziwa. Mwanawe alinyonya, akaachia, akanyonya tena. Kobe akamsogezea Swala majani yake ya mwisho. "Kula, mwanangu, mimi nimeshiba," alisema, naye hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana. Mnana aliona.

"Shada la Kiboko limebaki kama ukucha," Kobe akanong'ona. "Litaisha, atapumzika."

Kiboko naye alilijua hilo. Akaenda kwenye matete, penye kiota cha Mnana.

"We kidege! Amka!"

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Nisukie shada."

"Shada ni la wachanga, Bwana Mkubwa."

"Na mimi mchanga! Huoni sina meno?" Akafumbua kinywa. Jino moja tu lilimzidi Mnana kimo.

"Hata moja silioni," Mnana akasema haraka.

"Basi suka. Ukikataa, nayalalia haya matete, na kiota chako humo humo."

Kiotani mlikuwa na mayai matatu. Mnana akasuka. Ta-ta-a, ga-ga-ga! Wanne wakawa wanane. Ta-ta-a, ga-ga-ga! Wanane wakawa kumi na sita. Nyamu nyamu! Gubu gubu! Bwawa likabaki tope, na mtoto wa Swala hakuweza tena kusimama.

"Mnana, mama," Kobe akasema, "huyu mtoto hafiki kesho."

Mnana akaruka mpaka kwenye pua ya Kiboko.

"Bwana Mkubwa, kwa nini shada la kidole kidole kama maskini? Leo niwasukie nyote kumi na sita refu la kufagia chini!"

"Refu kuliko la nani?"

"Kuliko la kila mtu."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. Huku nyuma Mnana akainama mguuni, akakihamisha kifundo cha tatu. Kimoja tu. Mdomo ukaimba vilevile, ta-ta-a, ga-ga-ga, lakini usukaji ukafuata kipimo kibovu. Kiboko akapima urefu. Hakupima kukaza.

"Haya wenzangu, tusuke tena!"

Wakashika ncha, wakavuta. Shada likalegea, fyuuu! Kamba ikaanza kufumuka. Fundo la mkia likaachia, mkia hakuna. Fundo la sikio likaachia, sikio hakuna. Puu! Kiboko mmoja akawa maji, chwaa, bwawani. Puu! Wa pili. Watoto sita wa Pimbi wakawa wanaitikia: "Puu! Puu! Puu!"

Akabaki yule wa kwanza, anakimbia, kamba inafumuka nyuma yake.

"Mnana! Dada! Shangazi! Naisha!"

"Oo, leo mimi shangazi?"

"Shangazi, bibi, mama mkwe, chochote! Nifunge!"

Mnana akamwonea huruma. Akamfunga fundo moja gumu mwisho wa kamba, kaa! "Hapo umebaki mmoja," akamwambia. "Shada huna tena." Bwawa lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Konokono akafika wakati huo, akauliza kama amechelewa.

Wanaosomea mambo ya mwili wanasema kamba za namna hiyo zimo ndani ya seli zetu, na fundi wa mashada yake anaitwa telomerase. Kwa mtu mzima, kwenye seli nyingi amelala. Saratani nyingi humwamsha kwa nguvu, zipate kuongezeka bila kuchoka.

Funzo lake basi, wanangu: ukipewa kazi na mkubwa, ifanye vilevile ulivyoagizwa, usikosee hata kifundo kimoja. Mnaocheka, mnacheka nini?

—Imekwisha!

—Imekwisha na utamu wake!

Kiboko aliishi miaka mingine kumi na miwili, peke yake, upande wa chini wa bwawa.