Masanduku Mawili ya Kiboko

Hapo zamani za kale, na msidhani kila cha kale kilikuwa kitamu, kaeni chini mnyamaze. Anayetaka kuchekeshwa aende kwa jirani.

Palikuwa na Kiboko. Mnene, mzito, na masikio madogo kama vikombe vya kahawa. Alikuwa na mke, Mama Mashavu, na watoto watatu, na dimbwi. Dimbwi lile ndilo lilikuwa kila kitu. Kiangazi kikikaza, maji ya bonde zima hukauka, dimbwi la Kiboko halikauki. Na kiboko asiye na maji ngozi humpasuka kama ukuta wa udongo. Kumbukeni hilo.

Siku moja Kiboko alikwenda harusini kwa Pundamilia. Mpiga muziki alikuwa Bi Kobe. Vyombo vyake vilikuwa vidogo tu: mikisa ya zamani ya kuchanganyia nyimbo, yenye vitufe vinne, hedifoni iliyofungwa kwa uzi, na spika mbili zisizozidi nazi. Lakini wanyama walicheza, tifu! tifu! tifu! hadi vumbi likafunika jua.

Kiboko akarudi nyumbani amevimba.

"Mama Mashavu, nitakuwa dijei."

"Wewe?"

"Mimi. Kama kobe anaweza na vile vinazi vyake, mimi na mwili huu nitashindwa?"

"Baba Mashavu, kwani muziki unapigwa kwa mwili?"

Asubuhi akaenda kwa Bi Kobe.

"Shikamoo, Bi Kobe."

"Marahaba. Sogea kidogo, umenizibia jua."

"Nataka kuanza udijei. Ninunue nini?"

"Usinunue kitu. Njoo ukae hapa miezi mitatu, usikilize kwa hedifoni hii mpaka ujue wimbo unaanzia wapi na unaishia wapi. Ukishajua, tafuta mikisa ndogo kama yangu. Spika utaazima."

"Miezi mitatu! Na hiyo hedifoni hainienei kichwani."

"Ishikilie kwenye sikio moja. Wangapi wameanza hivyo."

"Harusi ya binti Nyati ni wiki hii, na nimeshasema napiga mimi."

"Nani alikutuma useme?"

Kiboko akaondoka bila kuaga. Ukweli ulimchoma, akadhani ametukanwa.

Sasa, kichakani alikuwapo Nguchiro. Mnamjua, mwembamba, mkia mrefu, macho hayatulii. Huyu hula kaa na vyura, na dimbwi la Kiboko lilijaa kaa na vyura. Mwaka mzima alikuwa akilitazama kwa mbali na kumeza mate. Akayasikia yale mazungumzo yote.

Kesho yake Kiboko akakuta duka jipya njiani, Nguchiro mlangoni. Mbele ya duka masanduku mawili meusi, marefu kama vichuguu, yamevalishwa kitambaa cha wavu usoni.

"Karibu, bosi! Karibu, dijei!"

"Umejuaje kama mimi dijei?"

"Mwili wenyewe unasema! Wadogo wananunua vidogo. Haya mawili yamekaa hapa yakimngoja mwenyewe."

Kiboko akayazunguka. Hakuuliza waya unaingia wapi. Hakuuliza mikisa iko wapi. Aliuliza moja tu.

"Yanalia?"

Nguchiro akagonga kwa mkia, ko! ko! ko!

"Nyeeee! Nyeee-nye-nye-nyeeee!"

"Lahaula!" Kiboko akaruka, ardhi ikatetemeka. "Fungua nione ndani."

"Aa-aa, bosi! Ukifungua, waranti imekufa, ukirudi kulalamika sikusikii. Na kabla hujayachukua nitaziba matundu yote kwa ulimbo, sauti isivuje."

Mpumbavu wa kawaida angeuliza: sauti isipovuja, watu wataisikiaje? Kiboko hakuuliza.

"Unataka nini?"

"Kitu kidogo. Lile dimbwi."

Kiboko akageuka akatazama upande wa dimbwi. Sitamsingizia, alitazama kidogo.

"Dijei mkubwa kama wewe," Nguchiro akasema, "utaalikwa kwenye mito mikubwa mikubwa, ulale majini na mkeo kila wiki mto mpya. Dimbwi la nini tena?"

Bonde lile lilikuwa na desturi. Mkikubaliana, mwenye mali hukanyaga tope laini mbele ya shahidi, na unyayo ukikauka, neno limekwisha. Anayevunja hakaribishwi kwa yeyote. Mwaka uliopita Ngiri alikanyaga akiwa na homa, akalia arudishiwe shamba lake, na aliyemfukuza akimwonyesha unyayo wake na kumwambia neno limekwisha alikuwa Kiboko huyuhuyu.

Basi Korongo akaitwa ukingo wa mbali wa dimbwi awe shahidi. Kiboko akainua mguu. Pwaa!

Mama Mashavu aliyaona masanduku yakiburutwa nyumbani.

"Umekanyaga?"

"Nimekanyaga."

Mama Mashavu akageuka. Akaingia dimbwini, akawatoa watoto mmoja mmoja. Wakahamia kivulini, kwenye vumbi.

Siku ya kwanza ndani ya masanduku kulisikika kwaru, kwaru, kwaru.

"Nini hicho?" mke akauliza.

"Mashine inapoa. Mashine nzuri hujipoza yenyewe."

Siku ya pili, kwaru moja moja. Siku ya tatu, kimya.

"Jaribu basi tusikie."

"Nisiyachoshe kabla ya kazi."

Harusi ilikuwa siku ya nne, saa nane mchana, jua la kuchoma. Bonde lote lilikuja. Kiboko akasimama katikati ya masanduku yake, akakohoa, akagonga. Ko! ko! ko!

Kimya.

Akagonga tena. Kimya.

"Dijei, vipi?" Nyani akapaza sauti. "Umekuja kutupigia au kutuombea dua?"

Wakaangua kicheko. Kiboko akapandwa na hasira, akakita meno kwenye sanduku. Krraa! Ubao ukapasuka.

Nyenje wakamwagika. Mamia ya nyenje, wakavu, miguu juu. Mmoja tu alikuwa bado anatikisa bawa.

"Nguchiro alituambia akigonga tuimbe kidogo tu," akasema yule nyenje. "Alisema atatutoa jua likitua. Kisha akaziba."

Naye akafa pale pale. Hakuna aliyecheka tena. Bi Kobe akatandaza kitambaa, akaanza kuwaokota. Harusi ikavunjika.

Kiboko akakimbia mpaka dimbwini, wageni wa harusi nyuma yake. Nguchiro na wanawe walikuwa ukingoni wakivunja kaa, kwa! kwa!

"Umenidanganya! Rudisha dimbwi langu!"

"Ulikanyaga, bosi. Tazama." Unyayo ulikuwa pale, mgumu kama tofali. "Kisha nasikia umefungua sanduku?"

"Nimelivunja!"

"Basi waranti imekufa."

Kiboko akainua mguu amponde. Korongo akasema, "Mponde. Lakini kumbuka ulichomwambia Ngiri." Na Ngiri alikuwa amesimama pale pale, anautazama ule unyayo.

Kiboko akaushusha mguu.

Wakaondoka yeye na mkewe na watoto watatu kwenda kutafuta mto, mwendo wa siku tatu kwenye jua. Ngozi zilipasuka siku ya kwanza. Walipofika mtoni watoto walikuwa wawili. Msiniulize mara mbili. Wawili.

Masika yalipokuja, Kiboko alirudi bondeni peke yake. Nguchiro alikuwa mnene, hata kukimbia hawezi. Kiboko hakumtazama. Alikwenda kwenye ule unyayo wake. Mvua ilikuwa imeujaza, maji ya kikombe kimoja. Akainama, akalowesha pua, akageuka akaenda zake.

Bi Kobe bado anapiga kwenye harusi, na spika zake ni zilezile mbili.

Hadithi imeishia hapo, na funzo lake ni hili: anayeanza kazi asiyoijua ajifunze kwanza kwa chombo kidogo, asitoe maji ya wanawe kwa sanduku asilolifungua.