Unyayo wa Bi Tausi

Mtu mmoja alikuwa na mama, akampenda mama huyo mpaka akamnyang'anya kila kitu.

Mtu huyo aliitwa Mbaruku. Mama yake, Bi Sikudhani, alipoanza kusumbuliwa na magoti na presha, Mbaruku alimhamishia kwake, nyumba yenye geti, akamkalisha barazani kwenye kiti chenye mito. Mama akishika ufagio, ufagio unachukuliwa. Akitaka kuchambua mchele: pumzika, mama. Akitaka kwenda msibani: pumzika, mama, nitakwenda mimi. Daktari alikuja, dawa zilikuwepo, hata papai lilimenywa na kukatwakatwa. Na msimcheke. Mtaa mzima ulimsifu, na mabinti waliambiwa waombe wapate waume wa namna hiyo.

Ila mama akaacha kula. Hakununa wala hakugoma. Kijiko kilifika mdomoni, kikarudi. Dawa zile hazimezwi tumbo likiwa tupu, kwa hiyo nazo zikasimama, na daktari akamwambia Mbaruku waziwazi: akiendelea hivi, mama hamalizi masika.

Mtaani hapo walikuwepo wazee waliojitolea kuwatembelea wazee wenzao. Zahanati iliwafundisha kupima presha, kukumbushana dawa na kunyooshana viungo. Walikwenda wawili wawili, bila malipo. Siku hiyo walikuja Bi Tausi, mwenye kisukari na fimbo, na Mzee Chande, ambaye jicho lake moja lilikwisha kufunga duka na la pili lilikuwa linahesabu bidhaa.

Mbaruku aliwakuta getini akitoka kazini. Akawaamkia, kisha akawapa na la moyoni.

"Wazee wangu, mmoja anachechemea, mwingine haoni. Mtamsaidia nini mama? Si mtaniongezea wagonjwa tu?"

"Ndiyo maana tumekuja wawili, mwanangu," akajibu Mzee Chande. "Ukitujumlisha unapata mtu mmoja mzima."

Mbaruku akacheka bila kupenda, akawafungulia, akaingia ndani kubadili nguo.

Alipotoka, damu ilimchemka. Bi Tausi alikuwa amevuta kiti, amekaa mbele ya mama yake, amevua kandambili, na mguu wake, wenye vumbi la mtaa mzima, ameupandisha juu ya mapaja ya mgonjwa!

Mwenye kisukari miguu humfa ganzi. Hukanyaga kitu asisikie, kidonda kikaanzia chini, akaja kukijua kimeshaoza. Lazima nyayo zitazamwe kila siku, na mzee ambaye mgongo haukunjiki hawezi kuona unyayo wake mwenyewe.

"Tazama vizuri, shoga," Bi Tausi alikuwa akisema. "Huyu Chande jana kaniambia pasafi, na kwake yeye hata kunguru ni mweupe."

Bi Sikudhani alikuwa ameinama, miwani kwenye ncha ya pua, kidole kikibonyeza.

"Hapa unasikia?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Hapo unanitekenya, mchawi wewe!"

Mbaruku akaja mbio, akasimama juu yao. "Mama yangu si mtumishi wa mtu! Mama yangu ni mgonjwa!"

Mama hakuinua hata kichwa.

"Mbaruku, sogea. Unaniziba mwanga."

Akasogea.

Kati ya vidole vya mguu ule mama alikuta kipande cha chupa, na damu imeshakauka. Akamgombeza Bi Tausi kama anamgombeza mdogo wake, akamwamuru Mzee Chande ampeleke zahanati saa ile ile, na kesho asubuhi amrudishe, ili yeye mama autazame tena ule mguu. Geti lilipofungwa, akageuka. "Humu ndani leo hakupikwi?" Akala. Akaomba aongezewe. Dawa akazimeza bila kubembelezwa.

Asubuhi Mbaruku alimkuta amekwisha kuoga, amejitanda khanga yake ya kutokea, amesimama getini akilalamika kwamba wenzake wamechelewa. Masika yalipokwisha alikuwa anazunguka nao nyumba kwa nyumba, akiwaamrisha vikongwe wenzake wavue viatu, na vicheko vyao vilifika mlangoni kabla ya hodi.

Sasa, asije mtu akaniambia Mbaruku alikuwa mtoto mbaya. Angekuwa mbaya, tungemlaani tukaenda zetu kulala. Alikuwa mwema kama sisi, sisi tunaopanda majukwaani kuwaita wazee wetu hazina, tukishuka tunawafungia geti ili wasichoke. Kiti kile ni heshima yetu, na mito yake ndiyo iliyokuwa inammaliza mama.

Basi wewe uliyempumzisha mama yako, nijibu: kesho asubuhi nani anamsubiri?