Jinsi Bahari Ilivyoanza Kupumua

Zamani hizo bahari haikuwa na harufu. Mtu angeweza kusimama ufukweni amefumba macho asijue kama mbele yake kuna maji au kuna uwanja mtupu. Haikutoa povu, haikuvuma. Ilichukua tu. Kila pumzi iliyotoka nchi kavu, ya mtu, ya mbuzi, ya kuni zinazoungua, ilishukia majini, na humo walikuwamo viumbe wadogo mno, wadogo hata maelfu yao wangekaa katika tone moja wasibanane. Hao waliinywa. Walipokufa waliporomoka taratibu hadi chini, kama vumbi jeupe, vumbi juu ya vumbi, mpaka likawa jiwe. Kilichoingia hakikurudi.

Katika kijiji cha Kitunduni aliishi mchoma chokaa aitwaye Vuai. Mkewe, Mize, aliugua homa siku nne, na asubuhi ya siku ya tano akafariki. Vuai alikuwa amemshika mkono. Aliiona pumzi yake ya mwisho ikitikisa pazia la mlango, kisha ikaelekea baharini kama zilivyoelekea nyingine zote. Akabaki na binti wa miaka mitatu, Time, na shemeji yake Kazija, mdogo wa marehemu, aliyehamia pale kumsaidia kulea.

Vuai hakulia mbele za watu. Alitaka chokaa ya kupaka kaburi. Siku hizo chokaa ilichomwa kwa makombe ya chaza yaliyookotwa pwani, na jiwe la chini hakuna aliyewahi kuligusa. Makombe hayakutosha. Kwa hiyo maji yalipokupwa sana alichimba jiwe, akalirundika juu ya magogo, akawasha tanuu.

Siku ya pili mawe yalianza kupasuka, na katika nyufa zake ikatoka sauti. Haikuwa ya moto. Vuai aliujua moto tangu utotoni. Ilikuwa ya mzee, ya polepole, ikiuliza kama mbuzi wamefungwa. Baadaye msichana alicheka. Kisha mtu akaomba maji, mara tatu, akanyamaza. Vuai alisimama pale hadi magogo yakawa majivu. Jiwe lilikuwa limezihifadhi pumzi. Na kama lilizihifadhi hizi, aliwaza, limeihifadhi na ya Mize.

Kaburi halikupakwa. Alichimba tena, akachoma tena. Aliwasikiliza watu wasiojulikana, waliosema kwa lafudhi ambayo hakuna aliyekuwa hai aliyeitumia, na kila walipomaliza alisubiri sauti moja tu. Chokaa ilirundikana nyuma ya nyumba, haina kazi.

Kazija alijaribu kumchekesha. Alimwambia kwamba alivyo mweupe vile kwa vumbi la chokaa, akikaa karibu na kaburi watashindwa kujua wapake wapi. Vuai hakucheka, ila alijifuta uso.

Mwezi ukapita. Pumzi zilizotoka ndani ya jiwe zilikuwa nyingi kuliko bahari ilivyoweza kunywa, na zile zilizobaki zilikaa kijijini. Hewa ikawa nzito na yenye joto, hata mchana wa mawingu. Watu walihisi kuna mtu nyuma yao, wakigeuka hawamwoni. Maji yakaingiwa na ukali kama wa maziwa yaliyolala. Kazija alikwenda kuokota chaza, akarudi na kapu la vipande. Magamba yao yalikuwa yamekonda kama ganda la kitunguu, yakivunjika kwa kushikwa tu.

Kisha Time akaanza kuhema kwa shida. Siku moja adhuhuri alikuwa ameketi kizingitini akichezea kifuu, akainua uso, akamtazama baba yake, na kwa sauti nzito ya mzee akauliza, "Mbuzi wamefungwa?"

Kazija alimnyakua mtoto. Vuai aliporudi kwenye tanuu, Kazija alimfuata, na hakupandisha sauti.

"Shemeji, dada yangu hajatimiza hata arobaini. Jiwe hili limelala chini tangu kabla ya babu wa babu zetu. Unamtafuta wapi?"

Vuai akaendelea kupanga kuni.

"Bado anashuka," Kazija alisema. "Yuko majini, anashuka. Wewe unachoma watu wengine."

Vuai alitazama kuni alizozipanga kwa tanuu la siku ile. Alimtazama Time, ambaye kifua chake kiliingia ndani kila alipovuta hewa. Kisha akachukua kapu, akaanza kubeba chokaa kuirudisha ilikotoka.

Aliibeba yote, hadi ile aliyoitenga kwa ajili ya kaburi. Aliimwaga baharini kapu baada ya kapu. Maji yalichemka, yakawa meupe kama tui, na pumzi zilizokuwa zikizurura kijijini zikaifuata chokaa, zikipita begani kwake baridi baridi. Baada ya kapu la mwisho kukawa kimya. Ndipo Time, mikononi mwa Kazija, aliposema kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu mmoja.

"Tulidhani pumzi hizi ni zetu. Kuanzia leo tutazinywa, na nyingi tutazirudisha. Chache tutaziangusha chini, nazo msiziguse."

Vuai aliuliza pumzi ya Mize ingekuwa katika fungu lipi.

"Hatujui majina," wakasema wale viumbe wadogo wa majini.

Mtoto akakohoa, akalia kwa sauti yake mwenyewe, akaomba uji. Na kutoka majini, kwa mara ya kwanza, ikapanda harufu: ya chumvi, ya mwani, ya kitu kilichokuwa hai.

Ndiyo hiyo tunayoisikia hadi leo maji yakikupwa. Bahari hunywa pumzi zetu, hurudisha nyingi, na chache huziangusha mahali pasipofikiwa. Ndiyo maana pia wachoma chokaa wa Kitunduni hutupa kapu la kwanza baharini kabla ya kuuza la pili.

Vuai alirudi kwenye makombe. Kaburi la Mize alilipaka baada ya miaka miwili. Kila asubuhi alishuka ufukweni, akavuta hewa kwa pua, akaizuia kifuani kwa kadiri alivyoweza, kwa kuwa huenda ilikuwa ya Mize. Kisha akaiachia.