Asali Iliyokutwa na Dawa

Masanilo, mwenye kiwanda cha asali pale Sikonge, alikuwa na maabara yake na mtindo wake. Asali ya mfugaji nyuki ilipimwa leo, kesho ikakutwa na antibayotiki, keshokutwa akaichukua bure ili akaiteketeze. Hakuna aliyewahi kuona moshi.

Zamu ya Nyamizi ilifika akiwa na ndoo kumi na mbili nyumbani, mavuno yake yote ya mwaka. Alipeleka chupa ya sampuli, akarudi siku ya pili.

"Pole, mama," alisema Masanilo. "Imejaa antibayotiki. Hao nyuki wako wanameza vidonge?"

"Bosi, nyuki wangu hata zahanati hawaijui."

"Mashine haidanganyi. Lete ndoo."

"Sawa. Ila mume wangu ni mbishi. Niandikie cheti kwamba asali ya chupa hii haifai hata kwa mbwa. Na chupa uigonge muhuri."

Masanilo aliandika kwa furaha, akasaini, akagonga muhuri kwenye cheti na kwenye chupa. Nyamizi alikisoma cheti mara mbili, akakitia kifuani, akaikumbatia chupa.

"Haya, lori langu lije kuchukua ndoo saa ngapi?" aliuliza Masanilo.

"Lori la nini, bosi? Asali yangu bado hujaipima. Hii niliinunua dukani kwako juzi, nikabandua lebo tu. Risiti ninayo."

Masanilo alichungulia dirishani. Wateja walikuwa wamejaa dukani. Akafunga mlango.

"Shikamoo, mama yangu," alisema. "Ndoo unauza bei gani?"